Bitana ya Breki

Mke wangu ni fundi pikipiki, na nasema hivyo kabla sijaulizwa. Mtu akija kupimwa suruali, futi haijafika kiunoni ameshajua. Wapo wanaocheka. Hao suruali zao huwa zinabana kidogo, sijui kwa nini.

Vyumba vyetu vya kazi vinatenganishwa na ukuta mmoja wenye dirisha lisilo na kioo. Upande wangu kuna cherehani na meza ya kukatia. Upande wake kuna jiriwa, beseni la petroli ya kuoshea vyuma, na matairi yaliyotundikwa hadi darini. Kupitia dirisha hilo tunapeana chai, mkasi na maneno makali, kutegemea siku imeamkaje.

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alinionyesha kiatu cha breki. Si cha kuvaa. Ni kipande cha chuma chepesi kilichopinda kama ukingo wa sufuria, na mgongoni kimegandishwa ukanda mgumu mweusi. Ukikanyaga breki, viatu viwili vinatanuka ndani ya gurudumu, na ule ukanda ndio unaosugua na kulishika. Nikamwambia, "Kumbe ni koti na bitana yake." Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo anauita bitana, na wateja wake wote wameambukizwa. Nenda kokote kingine uombe bitana ya breki, watakutazama mara mbili.

Basi, Alhamisi moja asubuhi mtunza stoo wa kituo cha afya alishusha boksi mlangoni kwake. Tunamwita Bwana Stoo, naye analipenda jina. Ndani ya boksi mlikuwa na jozi tano za viatu vya breki kutoka nje, zile za bei ya kutupa, zimefungwa kwenye nailoni na maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma.

"Pikipiki tano, fundi," alisema. "Kesho wanapanda milimani kuchanja watoto. Nazitaka leo jioni."

Akaondoka bila kusubiri jibu. Ndivyo alivyo.

Mke wangu alichungulia dirishani. "Fundi cherehani, niwashie ile pasi ya mkaa."

Hapa ndipo panaponipa kichwa kikubwa, nivumilieni. Viatu vya bei rahisi hakuwa anavifunga hivihivi. Alikuwa anatandaza majivu ya moto ndani ya tumbo la pasi yangu ya zamani, anaweka kiatu juu yake, anafunga kifuniko. Breki ya kwenye mteremko mrefu hupata moto, alikuwa akisema, kwa hiyo ipate moto hapa kwanza, mbele yangu. Saa yake ilikuwa mimi. Nilishona pindo za suruali moja, miguu yote miwili, kwa mwendo wangu wa kawaida, halafu nikasema, "Tayari." Alikitoa kwa koleo, akakibana kwenye jiriwa, akaingiza ncha ya kisu pembeni mwa bitana na kuisukuma. Iliyogandishwa vizuri haitikisiki. Iliyogandishwa kwa gundi ya kubahatisha inaachia.

Siku ile nilishona pindo nyingi kuliko suruali nilizokuwa nazo. Mbili nilizifumua nikazirudia, nisije nikaharibu kipimo. Jozi mbili zilishika. Tatu ziliachia. Ya mwisho ilibanduka nzima kama karatasi ya chupa ya soda, ikaanguka kwenye kiatu chake cha kuvaa.

Akapiga simu. Mikono ilikuwa na grisi, kwa hiyo aliiweka mezani kwa sauti ya nje.

"Bwana Stoo, tatu kati ya tano siwezi kufunga. Bitana inaachia."

"Bitana?" alisema yule. "Si umwambie mumeo aishone!"

Akacheka peke yake. Nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka chini kwa usalama wa watu wote. Nikamwambia kupitia dirishani, kwa sauti niliyotaka ifike, kwamba mumewe anasikia, na kwamba aje hapa aseme tena.

Akaja. Alikuja na gari la kituo, lile la nyuma wazi, na wakati huo waendesha pikipiki wanne walikuwa wameegesha wakisubiri zamu zao. Mke wangu alimwonyesha zile bitana zilizobanduka, moja baada ya nyingine. Hakuziangalia sana.

"Mama, mimi sikatai," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole wenye sumu. "Ila watu si wajinga. Za kwangu ukizikataa, tutanunua wapi? Kwako. Zile za rafuni, za bei mara tatu. Hizo umezitia kwenye pasi?"

Mmoja wa waendesha pikipiki akajifanya anakagua kioo chake.

Rafu ilikuwa nyuma ya mgongo wa mke wangu. Juu yake palikuwa na maboksi matano mazuri, yenye lakiri na picha inayong'aa. Hajawahi kuyatia kwenye pasi. Nilijua, naye alijua. Alikuwa akiliamini boksi, kama watu wote.

"Niletee pasi," alisema.

Nilimsogelea dirishani. Nikamwambia chini kwa chini, "Mke wangu, usijipime mbele ya huyu. Asubiri. Akiondoka tutapima."

"Akiondoka ndiyo nini?" alisema. "Shona."

Nikashona. Jozi ya kwanza ilishika, na nikamtazama Bwana Stoo kwa jicho ambalo lingemfukuza mtu mwenye haya. Jozi ya pili aliitoa, akaibana, akaingiza kisu. Bitana ilisogea. Haikubanduka yote kama zile nyingine, lakini ilisogea, na kila aliyekuwepo aliona.

Bwana Stoo alipiga makofi, mara moja tu. "Haya. Nani feki sasa?"

Nilitaka kujibu. Mke wangu hakuwa hata anamsikia. Alikuwa amesimama anaangalia nafasi iliyo wazi rafuni, mwisho wa mstari, mahali pa boksi la sita.

"Katoni ilikuwa na jozi sita," alisema. "Moja nimemfungia wifi."

Wifi yake ni dada yangu. Ni mkunga wa kituo kilekile. Wiki iliyotangulia stoo ya Bwana Stoo ilikuwa tupu, kwa hiyo mke wangu alimfungia jozi ya rafuni kwake mwenyewe, kwa mapenzi, na akamwambia asiwe na wasiwasi. Asubuhi ile dada alikuwa amepanda juu kumzalisha mwanamke. Kushuka kuna barabara moja tu, ile ya machimbo ya kokoto, na kwenye kona ya pili upande mmoja ni mwamba na upande mwingine hakuna kitu.

Mke wangu alikuwa ameshapiga simu. Ikaita, ikaita.

"Wifi!" Sauti ya dada ilitoka mezani, imejaa furaha. "Mtoto wa kiume, ana mapafu huyo! Ndiyo nawasha pikipiki."

"Zima. Usishuke."

"Kwa nini? Mvua?"

"Breki."

Dada alicheka. "Breki si umefunga wewe? Mimi huku najitapa kwa watu, nawaambia nina breki za wifi yangu, hata mlima ukisimama wima nashuka."

Watu wanne wenye pikipiki, wote wateja wake, walikuwa wanasikiliza. Bwana Stoo alikuwa anasikiliza kuliko wote. Mke wangu angeweza kuichukua simu akaenda nayo nyuma. Angeweza kusema mvua. Mimi ningesema mvua.

"Hizo breki siziamini," mke wangu alisema. "Nilifunga bila kupima. Kosa langu. Shuka kwenye pikipiki, isukume pembeni, nisubiri."

Dada akajibu, bila utani: "Sawa, wifi. Nimeshuka."

Ndipo mke wangu alipomgeukia Bwana Stoo. "Una gari. Twende."

Nitampa haki yake: hakubisha. Mke wangu alitia spana kwenye begi, akaenda mezani, akachukua jozi moja. Mimi nilipanda nyuma na futi ikiwa bado shingoni, nikagundua tu tulipofika nusu ya mlima.

Tulimkuta dada juu kidogo ya kona ya kwanza, amekaa kwenye jiwe, kofia ngumu mapajani. Mke wangu hakusalimia. Alilaza kitambaa, akafungua gurudumu la nyuma, akalivuta. Sote tuliinama, hata Bwana Stoo na shati lake jeupe.

Bitana zilikuwa nzima. Alizisukuma kwa kisu, akazisukuma tena kwa nguvu zaidi. Hazikutikisika hata chembe.

"Kwa hiyo ni nzuri," dada alisema.

"Inaonekana ni nzuri."

"Kwa hiyo umenikalisha juani saa nzima bure?"

"Bure kabisa, wifi."

Bwana Stoo alimtazama mke wangu. Nadhani alitaka kusema kwamba fundi ametia aibu jina lake mwenyewe mbele ya wateja kwa ajili ya kitu kizima. Mke wangu alikuwa ameshaziweka zile nzima kwenye begi, kwa sababu hazikuwa zimepita kwenye moto, na alikuwa anafunga jozi aliyokuja nayo. Bwana Stoo aliikodolea macho ile nailoni iliyokuwa chini, yenye yale maandishi.

"Fundi," alisema taratibu. "Hizo si zile zangu? Za bei rahisi?"

"Ndizo."

"Unamfungia wifi yako zangu?"

"Hizi nimezipima." Alikaza nati ya mwisho, akazungusha gurudumu, akakanyaga breki. Likasimama papo hapo. "Mbili zako ni nzuri, Bwana Stoo. Tatu warudishie waliokuuzia. Na za rafu yangu nazipima zote leo, za kuachia nitazirudisha na mimi."

Bwana Stoo alijikuna shingo. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, kwamba pikipiki zisizo na breki hazitapanda kesho, na kwamba yeye ndiye atakayewaambia wakubwa.

Dada alivaa kofia. Alikaa kwenye pikipiki, akatazama ile barabara inavyodondoka, na nikaona vidole vyake vimeganda kwenye usukani. Saa moja ya kusubiri ilikuwa imempa muda wa kufikiri. Mke wangu naye aliona. Alipangusa mikono kwenye suruali, ile niliyomshonea mimi, yenye mifuko minane, akaniachia begi.

"Sogea mbele kidogo, wifi," alisema, akapanda nyuma yake.

"Na wewe unashuka nazo?"

"Nimefunga mimi. Twende."

Nilitaka kumwambia apande gari. Lakini hilo lingekuwa tusi. Zile pikipiki huwa zinalia kidogo zikianza kushuka. Nilisimama ukingoni na begi la spana mikononi nikawatazama wakiingia kona ya kwanza polepole, wakanyooka, wakaingia ya pili, ile mbaya. Taa nyekundu ya nyuma iliwaka, pikipiki ikatii, wakapita. Kutoka huko chini nilimsikia dada akipiga kelele za furaha.

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta. Bwana Stoo alikuwa amesimama kando yangu.

"Yule aliyekaa nyuma," nikamwambia, kana kwamba hamjui, "ni mke wangu."