Matembezi ya Mto Averil

Jumatatu ya Pasaka, saa nne na dakika kumi asubuhi, Winifred Tapscott alikuwa kibandani kwake mwisho wa daraja la Marchford, akipanga vipeperushi huku chai yake ikipoa, mto ulipotoka mahali pake na kupanda ngazi za gati.

Ulipanda kidato kwa kidato, kama mtu mwenye magoti mabovu. Ulipofika juu ulisimama kidogo kuvuta pumzi, kisha ukashika Mtaa wa Daraja kuelekea mjini. Kina chake kilifika gotini, na juu yake kulikuwa na mabata sita. Ulipita upande wa kushoto. Penye kivuko cha waenda kwa miguu ulisimama ukampisha mama mwenye kigari cha mtoto, naye akasema ahsante.

Winifred alikuwa na miaka sitini na tisa. Kwa miaka thelathini na miwili aliuza stempu katika posta ya Marchford, mpaka posta ikafungwa na kuwa duka la mishumaa yenye harufu ya matunda. Sasa alijitolea kuwaelekeza wageni. Aliwagawia kipeperushi cha matembezi ya majira: Pasaka maua ya manjano uwanjani mwa kanisa, Mei mashindano ya makasia, Agosti bendi ya tarumbeta, Oktoba siku ya matufaha, Desemba taa na mvinyo wa moto. Mgeni ni mgeni. Mto ulipopita mbele ya kibanda aliupa kipeperushi, nao ukaenda nacho kikielea mbele ya mabata.

Ulifanya yale wafanyayo wageni wote. Ulizunguka kanisa mara moja, ukatazama maua, ukasoma majina ya waliokufa vitani. Kwenye mgahawa wa chai, mwenye mgahawa, Godfrey Thring, aliuuliza kama umeweka nafasi. Haukuwa umeweka. Basi ukapanga foleni nje pamoja na wengine, robo saa nzima, bila kununa, na hapo watu wakakubaliana kwamba ule ni mto wa pale pale. Malalamiko yalitoka kwa mzee mmoja tu, aliyesema umechukua nafasi ya magari manne.

Nyuma yake mkondo ulibaki mtupu. Wenyeji wakaegemea ukingo wa daraja kuchungulia. Waliona baiskeli kumi na moja, kinanda, jiwe la kaburi lililopotea tangu enzi za babu zao, na chini kabisa, upande wa mashariki, bomba. Lilikuwa bomba pana la zege, na lilitapika uji wa rangi ya kahawia, mfululizo, bila haraka. Upepo ulipogeuka wakafunga makoti mpaka shingoni na kusema kwamba Pasaka ya mwaka huu ina baridi.

Winifred alifunga kibanda saa sita kamili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya wageni, akaenda kwa Beryl Ockenden.

Beryl alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Miaka ishirini walikuwa wakiogelea pamoja mtoni kila asubuhi, jua liwepo lisiwepo. Septemba iliyopita Beryl alimeza maji mafunda mawili. Alilazwa wiki tatu, figo zikagoma, na tangu hapo hakujua mto mwingine ila ule wa kulalia. Kampuni ya maji ilimwandikia barua ya heshima sana. Ilisema haina bomba la majitaka Marchford, ikamtakia afya njema, ikamshauri atafakari vyakula alivyokula wiki ile, hasa kamba wa kopo. Mjini watu waliisoma barua ile wakatikisa vichwa. Beryl, walisema, hakuwa mwangalifu na makopo.

Winifred alipofika aliukuta mto umeshatangulia. Ulikuwa umeingia kwa geti la ubavuni, ukajaa bustanini mpaka chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa, ukatulia kimya kama mtu aliyekuja kumjulia hali mwenziwe na hajui aanzie wapi.

"Mto umekuja tangu saa ngapi?" Winifred akauliza.

"Saa tano na nusu," Beryl akajibu kitandani. "Hausemi neno. Nimeuambia si kosa lako, nenda kanywe chai. Lakini si unawajua watu wa hapa wakianza kuomba radhi?"

"Shoga, bomba lipo. Nimeliona kwa macho yangu. Godfrey angepita mle na tumbo lake lote."

Mabata wakapita dirishani.

"Basi si kamba," Beryl akasema.

"Si kamba."

Beryl aliomba kitambaa. Alisema ni mafua.

Saa tisa alikuja mtu wa kampuni, Crispin Hathersall, kijana mstaarabu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa. Alilitazama bomba kutoka darajani, akalipiga picha mbili. Winifred alimwuliza kama sasa anakubali kwamba lipo. Hathersall alisema lipo kwa leo, kwa sababu mto haupo. Mto ukirudi halitaonekana tena, kwa hiyo tatizo ni la muda. Waliosikia waliona jibu hilo lina busara yake. Saa kumi na moja jioni mto ulirudi.

Baraza la mji liliitisha mkutano kujadili mto uegeshwe wapi siku kuu zijazo. Winifred aliomba bomba lizibwe. Mwenyekiti, Philippa Stainsby, alimshukuru sana kwa mchango wake, na mjini pale ukishashukuriwa kwa mchango wako, ujue umezikwa. Winifred akarudi nyumbani na kuandika upya kipeperushi cha Mei. Namba ya tatu ilisema: Bomba. Huonekana siku kuu tu, mto ukiwa matembezini. Hakuna kiingilio. Baraza lililalamika kwamba bomba limetangulizwa kabla ya kanisa, basi akalishusha hadi namba ya tano.

Jumatatu ya kwanza ya Mei, siku kuu nyingine, mabasi yalikuja kutoka mikoa mitatu. Watu walisimama darajani na aiskrimu, wakasema bomba ni kubwa kuliko walivyotarajia. Bwana mmoja alimwuliza mkewe kinachotoka mle ni nini. Mkewe akamwambia. Bwana akaendelea kulamba, akasema angalau hawafichi. Kampuni ilikuwa imepanda maua kuzunguka mdomo wa bomba, nayo yalistawi ajabu.

Siku hiyo Beryl aliinuka. Alivaa nguo yake ya buluu ya kuogelea, ambayo sasa ilimpwaya mabegani, akamshika Winifred mkono, akashuka kibarazani. Mto ulikuwa umekaa bustanini tangu asubuhi, uchafu wake umezama nyasini, na maji yamekuwa maangavu hata vibanio vilivyoanguka kutoka kwenye kamba ya kuanikia nguo vilionekana chini. Beryl akaingia. Akalala chali, akaelea baina ya mawaridi na kibanda cha majembe, macho amefumba.

"Usimeze," Winifred akamwambia.

"Sina mpango huo."

Alielea hivyo mpaka saa kumi na moja. Mto ulipaswa kuondoka, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya kazi, lakini ulingoja robo saa zaidi kwa ajili yake. Kisha ukamweka taratibu juu ya nyasi, ukatoka kwa geti la ubavuni. Kutoka kibarazani Winifred aliuona ukishuka ngazi za gati, ukijilaza mahali pake, na rangi ya kahawia ikianza kuenea ndani yake kutokea upande wa mashariki.

Beryl alikaa pale pale, nywele zikichuruzika, akauliza siku kuu nyingine ni lini. Winifred alimwambia ni mwisho wa mwezi.

"Wiki tatu," Beryl akasema. "Mimi nitafika. Sijui mto wenyewe."