Kuinama Mbele ya Kamera

Mashavu, jirani yetu anayekaanga chapati hapa Korogwe ya zamani, anawaambia watu kwamba Jumanne mimi, Hajira, nilimfungulia mlango mzee mmoja wa Kimasai akaingia kwenye chumba cha mtihani, kisha nikasimama nje nacheka huku nimejishika mbavu. Eti nilifanya hivyo kwa kijicho, kwa kuwa niliishia la saba na siwezi kuvumilia binti mwenzangu apate diploma. "Yule ana roho ya kwa nini," anawaambia wateja wake, na chapati anageuza.

Mimi si msemaji, ila macho ninayo. Nitaeleza nilivyoona.

Duka la bosi wangu, Athuman, ni la fotokopi na intaneti. Chuo kimoja binafsi cha Dar kimekodi chumba chake cha ndani ili wanafunzi wa huku wafanyie mtihani humo kwenye kompyuta, kamera ikiwatazama. Mimi nafagia, nauza kalamu, na siku za mtihani nakaa mlango wa mbele wa chumba hicho na kuwasomea kanuni kabla hawajaingia. Ziko kumi na mbili, zimebandikwa ukutani, nazijua bila kutazama. Uwe peke yako chumbani. Uso uonekane wote. Usizungumze. Usiinuke. Usitazame pembeni. Hata kelele ya nje inarekodiwa. Ukikosea, kompyuta inajifunga yenyewe, haisubiri uombe radhi.

Juu ya hizo huwa naongeza zangu: nenda chooni kwanza, maji kunywa kidogo, simu mwachie mtu unayemwamini.

Mtahiniwa wa Jumanne hiyo, Nairesiae, alitoka Mazingara, kule Handeni, na hereni zake ndefu za shanga. Ulikuwa mtihani wake wa mwisho, na alikuwa anaurudia. Akikosa safari hii, chuo kinamfuta.

Nikamwambia, "Dada, hereni vua. Zinagongana, kompyuta inasikia."

Akanitazama kuanzia kandambili kwenda juu. "Kwani wewe ndiye msimamizi?"

"Nasoma kanuni tu."

"Umesoma mpaka la ngapi?"

"La saba."

"Basi soma za mlango. Za mtihani niachie mwenyewe."

Akazivua hata hivyo. Alinipa bila kuniangalia, kama anatundika kitu msumarini.

Saa nne mtihani ukaanza. Mlango wangu una kioo, kwa hiyo nilikuwa namwona. Mlango wa nyuma unatokea uani, na Mashavu ana ufunguo wake kwa sababu huchota maji kwenye bomba letu. Haikupita nusu saa nikauona mlango huo unafunguka. Mkono wa Mashavu, umejaa unga, ukausukuma, na nyuma yake akaingia mzee Koikai, babu yake Nairesiae, na fimbo yake na vumbi la safari. Baadaye ndiyo nikajua kwamba basi lilimchelewesha, akanywa chai kwa Mashavu, akamwambia amekuja kumshika mjukuu wake kichwa, ambariki, kabla ya mtihani. Naye akamjibu, "Yumo humo, mzee, pita tu."

Nikainua mkono nigonge kioo. Nikakumbuka kelele inarekodiwa. Mkono ukabaki juu. Kama ulizuiwa na kanuni au na yale maneno ya asubuhi, sijui, na sitadanganya.

Mzee akasimama kando ya kiti. Nairesiae hakushtuka wala hakufikiri. Alifanya anachofanya kila mtoto wa kwao mbele ya mkubwa: akainamisha kichwa. Uso ukatoka kwenye kamera. Mzee akamwekea kiganja utosini.

"Takwenya," akamsalimu kwa Kimasai.

"Iko," akaitikia.

Neno moja tu. Kompyuta ikajifunga.

Kwenye kanuni zote kumi na mbili hakuna inayosema usimwinamie babu yako. Hata mimi sikumwambia. Nilimwambia habari za hereni.

"Umeshamaliza?" mzee akauliza, anatabasamu.

Nikatoka kwenda kwa Mashavu. "Da Mashavu, mlango umefungua wewe."

"Mimi? Mimi na mtihani wapi na wapi? Kaifundishe adabu hiyo kompyuta yenu, inayofukuza wazee."

Leo Alhamisi chuo kimejibu. Mtahiniwa aliyetembelewa na mgeni wake amefutiwa mtihani. Ila kama mfanyakazi wa kituo ndiye aliyemruhusu mgeni kuingia, mtahiniwa atarudia, na maelezo ya mfanyakazi huyo yafike kabla ya saa kumi jioni. Athuman aliisoma barua kwa sauti, akanigeukia. "Atakayeandika hivyo, hiyo kalamu aende nayo kwao moja kwa moja."

Saa tisa na nusu Nairesiae akaingia. Nikamrudishia hereni zake, hakuzivaa. Akaweka karatasi nyeupe mezani kwangu.

"Nilipoinua kichwa niliuona mkono wako kwenye kioo," akasema. "Hukugonga."

"Kanuni inasema..."

"Usinisomee kanuni!"

Athuman alikuwa kwenye mashine ya fotokopi, ametugeuzia mgongo, lakini mashine haikuwa inafanya kazi. Nje Mashavu alikuwa anamsimulia mteja mpya, na alikuwa amefika kwenye kujishika mbavu.

"Unamsikia?" Nairesiae akasema. "Andika hayo hayo anayosema yeye, kwamba ulifungua wewe. Mtaa mzima umeshaamini, unapoteza nini?"

Nikatazama saa ya ukutani. Kumi kasoro dakika ishirini na tano.

"Nakuomba, Hajira." Sikujua kama jina langu analijua. Akaisogeza karatasi mpaka ikagusa vidole vyangu. "Andika. Kalamu si unauza wewe?"