Watoto wa Wenzangu

Rafiki yangu Taratibu alikataa bia, na alikataa vizuri, kiganja juu ya glasi. Alisema saa tisa ana watoto wa kuchukua shuleni, akaomba soda. Ni mimi niliyekiondoa kile kiganja. Siku hiyo nilikuwa nafungua gereji yangu mwenyewe, baada ya miaka ya kulala chini ya magari kwenye gereji za watu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nikamwambia mbele ya mafundi wenzangu kwamba tangu apewe gari la shule amekuwa mtawa, na kwamba rafiki asiyefurahia cha mwenzake ana lake jambo. Watu wakacheka. Naye akacheka, akainywa hiyo bia moja. Ya pili na ya tatu nilimimina bila kumuuliza.

Jina la Taratibu alipewa na watoto anaowabeba, kwa sababu haendi mbio hata akichelewa.

Ilipokaribia saa tisa aliinuka, akashukuru, akajishika ukutani kidogo kabla ya kutoka. Msidhani sikuona. Fundi anayesikia beringi mbovu kutoka ng'ambo ya barabara hawezi kukosa kumwona rafiki yake akikosa tundu la ufunguo mara mbili. Niliona, nikanyamaza, nisije nikaharibu sherehe yangu. Tena nikasimama nyuma ya gari kumwongoza: njoo, njoo, kata kulia. Tairi likapanda tofali la mlangoni, likashuka kwa kishindo. Nikapiga bodi kumwashiria aende zake.

Ndipo nilipoliona sweta dirishani, kwenye kiti cha pili. La binti yangu. Alikuwa amelisahau asubuhi.

"Zima gari," nikamwambia. "Dizeli inamwagika huku chini."

Haikuwa ikimwagika hata tone. Alizima papo hapo, maana kwa mambo ya magari ananiamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Nikafungua boneti, nikachomoa nyaya za betri, nikamwambia gari haliendi popote. Alidhani namtania. Alipoona sicheki alianza kunisihi, akisema mwalimu mkuu akijua atamfukuza kazi, na nyumbani kwake hakuna mwingine anayeleta chochote. Nikamhubiria kuhusu roho za watoto na dhamana ya wazazi. Maneno yote yaliyonikimbia wakati namimina yalikuwa yamerudi, tena yamenyooka.

Hakubisha. Alilitazama sweta, akanitazama mimi.

"Binti yako angekuwa na homa leo, yuko nyumbani," akauliza, "ungenizuia?"

Nikajibu ndiyo. Nilijibu upesi mno, na wote wawili tulisikia.

Nikampigia simu mwalimu mkuu, nikamweleza kwamba dereva hafai kuendesha. Aliwaomba wazazi wenye magari wagawane watoto, kisha akaja mwenyewe kulichukua gari. Kabla hajafika, mafundi walikuwa wamesukuma chupa zote nyuma ya matairi. Mwalimu mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema laiti kila mtoto angekuwa na mzazi kama mimi. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Kisha akamgeukia Taratibu, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, akamuuliza pombe ya mchana kweupe ameinywea wapi.

Nilifungua kinywa.

"Nyumbani, peke yangu," Taratibu akasema. "Huyu nilimpitia tu, akanigundua."

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono kuudai ufunguo, akamwambia asirudi tena. Taratibu akautoa, akainuka. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema. Badala yake niliinama kwenye injini kurudisha nyaya za betri, nikaizungusha spana kwenye nati iliyokwisha kukaza, nikangoja mpaka hatua zake ziishie barabarani ndipo nikainua uso.