Chumba cha Uani cha Meneja

Mtaani walimwita Meneja, kwa sababu alipenda kusimama mlangoni pa duka la mikate na kuwapanga wateja foleni, ingawa hakuna aliyemtuma. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, lakini tangu utotoni alijifunza mambo polepole sana, na mama yake, fundi cherehani, alikuwa bado akimfunga vifungo vya shati.

Moyo wa mama ulipoanza kumsumbua, alikwenda kwenye kituo kinachowafundisha watu wazima wenye ulemavu wa akili kujitegemea. Hakupindisha maneno.

"Mwalimu, nataka nife mwanangu akijua kujipikia."

"Usiseme hivyo, mama."

"Niseme vipi? Kufa si tusi."

Mwalimu akaanza kwenda kwao. Jiko la gesi ndilo lililokuwa mtihani. Meneja aliogopa mlio wa moto unaposhika. Ukilia tu, alikimbilia uani. Mwalimu hakumsukuma. Alimfundisha kuwasha kiberiti, hilo tu, mpaka akazoea, ndipo wakaja kwenye kufungua gesi. Mama naye alikuwa tabu kuliko mwanafunzi: mara akoroge, mara apunguze moto.

"Mama, toa mkono," mwalimu alimwambia.

Mama akaikalia mikono yake, kweli kabisa, kama mtoto aliyekatazwa.

Wali wa kwanza uliungua. Meneja alifunua sufuria, akanusa, akasema, "Huu umekasirika." Walicheka mpaka mama akashika kifua. Akaula wote, na ukoko akaukwangua.

Baadaye Meneja alihamia chumba cha uani, kilichokuwa stoo ya vitambaa. Alifagia mwenyewe, alifua mwenyewe, alifunga mlango mwenyewe. Mama akibisha hodi, aliitikia kutoka ndani, "Subiri kwanza, nafikiria." Mama alisubiri, kiganja mdomoni, akizuia kicheko au kilio, hata yeye hakujua.

Alifariki akiwa kwenye cherehani, gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano. Msiba ulipoisha, dada yake Meneja, aliyeolewa mbali, akaanza kufungasha nguo za mdogo wake.

"Dada, anaweza kukaa hapa," mwalimu alimsihi. "Majirani wapo, na mimi nitakuwa nakuja. Mwone anavyopika."

"Nimemwona. Na siku chumba kikiwaka moto, ataitwa nani? Wewe?" Sauti ikamkatika. "Mwalimu, nimebakiwa na huyu tu."

Meneja alikuwa amesimama katikati yao. "Mimi siunguzi," alisema. "Ule wali ni wa zamani."

Dada akazidi kukunja nguo. Kesho yake asubuhi akaondoka naye.

Mwalimu alipopata likizo, alisafiri kwenda kumwona. Alimkuta sebuleni, amekaa kwenye kochi, amenenepa, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Meneja alipomwona alitabasamu, kisha akamgeukia dada yake.

"Naruhusiwa kumsalimia?"

Mwalimu akamwendea, akampa mkono. Akaomba Meneja awapikie chai. Dada alisita, akakubali, akaja kusimama nyuma yake jikoni. Meneja alishika kiberiti. Akatoa njiti. Aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha ndani.

"Dada atafanya," alisema. "Mimi naunguza."

Akarudi kwenye kochi. Chai aliipika dada, akiwa amempa mwalimu mgongo, na mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Usidhani sioni," alisema. "Alikuja hapa akitandika kitanda chake. Nikamwambia aache, nitatandika mimi. Nilitaka apumzike, kafiwa na mama. Sasa hata maji hanywi mpaka nimwambie."

"Tunaweza kuanza upya. Taratibu. Nikutafutie kituo cha huku."

"Kila nikimwona karibu na moto napata wazimu." Akafuta uso kwa kanga. "Siwezi, mwalimu. Nisamehe. Siwezi."

Walikunywa chai. Meneja alipuliziwa yake ipoe. Mwalimu alitamani kumchukia yule mwanamke, ingekuwa nafuu, lakini alivyomfuta mdogo wake kidevu, kwa upole ule, chuki haikuja.

Alipoaga, wote wawili walitoka hadi getini. Alipofika kwenye kona aligeuka. Meneja alikuwa amesimama palepale, mikono imelegea ubavuni, akimwangalia.

"Mpungie mwalimu," dada alimwambia.

Ndipo akapunga.