Oili ya Marehemu

Jumamosi asubuhi mjane aliwasha pikipiki ya mumewe, akaiacha ingurume dakika tatu ili oili ipate joto, akaizima. Aliingiza beseni chini ya injini, akalegeza bolti kwa spana namba kumi na saba na kumalizia kwa vidole, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Oili ikatoka nyeusi tititi, nyepesi kama maji ya kuoshea masufuria.

"Safari hii kaenda mbali," alisema mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kizingitini akichambua mchele.

"Kilomita elfu mbili na mia mbili, mama."

"Na kwangu hapiti hata kunisalimu. Tangu utotoni ndivyo alivyo."

Pikipiki haikuwa na gurudumu la mbele. Ilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni siku ya ajali, miezi mitatu nyuma, na tangu hapo ilikaa uani juu ya matofali bila kusogea hata unyayo. Namba za mita zilipanda kila siku, Jumapili ikiwemo. Marehemu alikuwa na desturi ya kuandika namba hizo ukutani kwa chaki kila alipobadilisha oili, na mwandiko wake uliishia kwenye 41,200. Chini yake palikuwa na namba mbili za mwandiko wa mkewe.

Hakuna aliyeuliza anakokwenda. Kampuni aliyoifanyia kazi ya kusambaza vifurushi haikuwahi kumtoa kwenye orodha. Kila asubuhi msimamizi alisoma jina lake, vifurushi vikaondoka mezani, na jioni karatasi zikarudi na saini za wateja. Mteja mmoja tu ndiye aliyesema kwamba siku hizi haongei sana.

Mjane alichomoa filta ya hewa. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu la barabara ambazo hazikuwa za mtaa ule. Akaliangalia vumbi lile, na roho ikamuuma. Mumewe alikuwa amefanya kazi siku arobaini mfululizo, akaomba siku moja tu ya kulala, akaambiwa wiki ijayo. Siku ya arobaini na moja alisinzia kwenye kona, akaishia mtaroni. Siku ile moja hakupewa mpaka leo.

Aliweka filta mpya, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akamwachia mama mkwe pikipiki ikiwa bado kavu, bila oili, akaenda ofisini.

Msimamizi alimkaribisha kiti. Alifungua faili, akaitoa barua ya maombi, akaisoma yote kwa makini.

"Ombi lake lipo, dada. Tena kaliandika vizuri."

"Basi mpe hiyo siku."

"Huyu ndiye mtu wangu ninayemtegemea. Wengine kila kukicha ni homa, mara msiba. Yeye hana udhuru." Akairudisha barua kwenye faili. "Wiki ijayo tutaangalia."

Mjane alirudi nyumbani kwa hasira, akaokota bolti kwenye kitambaa ilipokuwa imelala, akaitia kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na vifungo. Hakumimina oili mpya.

"Wakikataa wao, nitampumzisha mimi," alimwambia mama mkwe. "Injini haitembei bila oili."

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema mama mkwe, akatandika kitanda cha marehemu kwa shuka safi.

Jumapili namba za mita hazikupanda. Wanawake wawili walikula, kila mmoja akisikiliza upande wa chumba cha marehemu. Shuka ilibaki imenyooka.

Jumatatu asubuhi walikuta viatu vya kazi vya marehemu mlangoni. Viatu hivyo vilikuwa vimewekwa uvunguni mwa kitanda tangu alipozikwa. Sasa soli zilikuwa zimekwisha kabisa, cha kushoto kimetoboka, na ndani yake kulikuwa na tope bichi.

Mama mkwe alikichukua cha kushoto, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Kaenda kwa miguu," alisema.

Alikaa chini na kile kiatu mapajani, akalia. Mkamwana wake naye akalia, kisha akaviosha viatu vyote viwili na kuvianika juani.

Jumanne ililetwa barua ya kampuni, imeandikwa jina la marehemu. Ilikuwa onyo la kwanza. Siku ya Jumapili, ilisema, mfanyakazi alifikisha vifurushi thelathini na moja, vyote salama, lakini kwa kuchelewa, jambo ambalo si kawaida yake. Akirudia, hatua zitachukuliwa. Chini, penye nafasi ya mfanyakazi, marehemu alikuwa ameshatia saini. Kando ya saini aliongeza maneno yake mwenyewe: *Naomba radhi, haitatokea tena.*

Mjane alikunja barua, akafungua droo ya cherehani. Alipiga magoti uani, akairudisha bolti pamoja na washa yake mpya ya kuzuia kuvuja, akamimina oili taratibu mpaka kijiti cha kupimia kikaonyesha imejaa. Akapangusa injini yote kwa kipande kilichosalia cha sare za shule alizokuwa akishona, hata mahali ambapo uchafu hauonekani.

"Umeikaza?" aliuliza mama mkwe kutoka kizingitini.

"Nimeikaza, mama."

Akachukua chaki, akaandika ukutani 47,500. Chini yake akafuta vumbi, namba nyingine zipate pa kukaa.