Ndama Asiyesimamishwa

Asubuhi ile, mkwe wa Ngara akiwa njiani kuja Bisibo, Mzee Rwekaza aliingia zizini akiwa na kamba mkononi. Binti yake Deodata alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, kiganja chake kikiwa ubavuni mwa ndama.

"Mnyanyue," alisema mzee. "Anyooshe miguu kabla mkwe hajafika."

"Baba, tafadhali. Mwache alale."

Mama wa ndama huyo alikuwa ng'ombe wa mahari ya Happy, dada yake Deodata aliyeolewa Ngara. Baba mkwe wa Happy, Mzee Philbert, alikuwa anakuja kuuona uzao wa kwanza wa ng'ombe huyo. Na uzao wenyewe ulikuwa huo: umelala tangu jana, mapaja yamekaza kama mbao, ukihema harakaharaka. Kwa Mzee Rwekaza, kuwaonyesha wakwe ndama asiyeweza kusimama kulikuwa sawa na kuwatamkia kwamba alichopewa kwa heshima hakukitunza.

"Ndama asiyetembezwa hulemaa," alisema. "Ndivyo tulivyowalea wote."

"Hata yule aliyekufa?"

Mzee akaizungusha kamba mkononi. Ndama wa ng'ombe mwingine alikuwa amevutwa kwa kamba vivyo hivyo hadi migombani, akaanguka, asiinuke tena. Walipompasua, nyama ya mapaja ilikuwa nyeupe kama samaki aliyechemshwa, na moyo ulikuwa na michirizi ya rangi hiyohiyo. Jirani mmoja alianza kunong'ona habari za jicho baya. Bwana mifugo Jovitus alipoitwa alisema ni upungufu wa madini ya seleni. Akamchoma sindano huyu wa pili, aliyekuwa ameanza kukaza miguu, na kuagiza asisumbuliwe.

"Dawa imo mwilini tangu jana," alisema mzee. "Inangoja nini?"

Deodata alikuwa akisoma biokemia chuo kikuu. Jibu alilijua, ila hakutaka kumjibu baba yake kwa lugha ya darasani.

"Baba, nyama imeundwa na seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila kijumba ni kama jiko: kinaunguza chakula kipate nguvu, na cheche zinaruka. Mwili huunda protini za kuzizima, na baadhi ya protini hizo haziwezi kazi bila punje ya seleni ndani yake. Malisho yetu hayakuwa nayo ya kutosha. Sasa seleni imefika, lakini protini ndiyo kwanza zinaundwa. Ukimtembeza leo, unachochea moto wakati wazimaji hawapo. Na moyo nao ni nyama."

"Basi Jovitus aongeze sindano."

"Ikizidi ni sumu. Kilichobaki ni kungoja."

"Kungoja!" Mzee alicheka bila furaha. "Tulikupeleka kote kule ukajifunze kungoja?"

Maneno yalimwingia. Hata hivyo hakuondoa kiganja. Chini yake moyo mdogo ulikuwa ukienda mbio.

"Kama nimekosea, nitamweleza mkwe mimi mwenyewe. Lakini sitamnyanyua."

Nje pikipiki ilizimwa. Mzee Philbert akapiga hodi, kofia mkononi, vumbi la njia nzima likiwa mabegani.

"Shikamoo, baba," alisema Deodata, bado amepiga magoti.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu?"

Mzee Rwekaza aliitazama kamba. Kisha akaitundika kwenye nguzo.

"Karibu, mkwe," alisema, sauti ikiwa nzito. "Ndama wetu ni mgonjwa. Hasimami, nasi hatumsimamishi."

Mzee Philbert aliwatazama wote watatu.

"Kwani nilikuja kukagua gwaride?" alisema, akachuchumaa kwenye majani.

Walikaa hapo muda mrefu, wazee wawili na msichana, wakizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba wako wodini. Mgeni alipoaga, ndama alikuwa bado amelala.

Juma lililofuata alijiinua mwenyewe, miguu ya nyuma ikitetemeka, akapiga hatua kuelekea kwa mama yake. Mzee Rwekaza alikuwa peke yake mlangoni mwa zizi. Alinyoosha mikono kutaka kumshika. Akairudisha nyuma, akaifumbata mgongoni, akasubiri.