Bâche Yenye Iko na Macho

Murekatete alishuka ile mulima ya Ngungu mbio, kiatu kimoja mukononi. "Mama! Mama weee, umefunika fromaji na rada!"

Mama yake, Nyiramahoro, hakugeuka hata. Alikuwa anapanga fromaji, zile jibini zake za maziwa, juu ya mbao. "Iko bâche, turubai ya mvua. Ilianguka na ile droni yenye ilipasuka ku malisho ya jirani Ndagijimana. Haipitishi maji. Tuliikata na panga, tukagawana."

"Muligawana?"

"Nyumba ine, vipande ine. Si vile tunafanyaka na bâche ya kambi ya wakimbizi? Weye ulikuwa Goma, ungesema nini?"

Murekatete alisomaka mambo ya antena kule Goma miaka mitatu, mpaka vita ikafunga masomo. Profesere aliwachorea hii kitu ku ubao, hata yeye mwenyewe hakuwa ameigusa. Na sasa iko hapa! Nyepesi kama kitenge, inajikunja kama mukeka, vipande vidogo vya shaba vimejipanga mistari mistari kama mahindi ku gunzi. Nani angenyamaza? Akaeleza mama, akaeleza majirani, akaenda kueleza soko nzima: kila kashaba kanaita kidogo, kamoja kanachelewa nyuma ya kenzake, kidogo tu, na ile mwito yote inageuka kuangalia fasi unataka, bâche yenyewe haijatingishika.

"Inaona ngombe ndani ya ukungu! Inaona mutu!"

"Basi ione wenye waliniibiaka ngombe," baba yake, Papa Shyaka, akasema. Soko yote ikacheka.

Siku ya tatu ile habari ikarudi na miguu. Wanaume saba, bunduki saba. Komanda wao akakaa ku kiti ya Papa Shyaka.

"Nasikia kuko binti anafundisha rada ku soko. Hiyo kitu iko yetu. Naitaka nzima."

Wakamufunga Papa Shyaka mikono nyuma, wakamukalisha ku matope.

"Ngombe zikirudi kukamuliwa na sijaiona, muzee hatasimama tena."

Murekatete akakimbia. Kipande ya mama yake akatoa juu ya fromaji. Jirani Védaste akatoa yake juu ya kuku. Adelaïde, wa nyumba ya tatu, alikuwa amefunika nayo mutoto wake mwenye alizaliwa juzi, mvua inanyesha. Akamufunua, akamuingiza ndani ya kitenge. Ya Ndagijimana ilikuwa ku paa, imetobolewa na misumari. Murekatete akavishona vyote ine na uzi ya gunia, na alijua. Fasi panga ilipita, njo fasi njia za shaba zilikuwa zinapita, zile za kuambia kila kashaba saa yake ya kuita. Ukizikata, hakuna kenye kanangoja kenzake tena. Inabaki bâche tu, na sasa bâche ya kuvuja.

Ngombe zikarudi. Komanda akaikunjua ku majani, akaizunguka, akachekelea. Wakamufungua Papa Shyaka. Lakini kamba ilibaki mukononi mwa askari, na Murekatete aliiona.

"Itafanya kazi?" komanda akauliza.

Ukweli ulikuwa hapa hapa, ku ulimi.

"Itafanya, Papa Komanda."

"Muzuri. Nani ataiwasha?"

Soko nzima ilisikiaka mutu mumoja tu akisema anaijua.

Papa Shyaka akasimama mbele yao na mikono yake imevimba. "Munichukue miye!"

"Muzee, weye unajua nini? Maziwa."

Wakamubebesha Murekatete ile bâche, wakashika njia ya Walikale, siku nyingi za pori mpaka kambi yao ya Mubi. Ilikuwa nyepesi kweli, profesere hakudanganyaka. Mama yake akawafuata mbio, akamufikia ku kadaraja ya miti, akamutia fromaji nzima mukononi.

"Utawaambia nini ikikataa?" akanongona.

"Nitasema inakosa batri."

"Wakileta batri?"

"Nitasema inakosa waya."

"Na wakileta waya, mwanangu?"

Murekatete, mwenye hakukosaka neno tangu alizaliwa, akaigeuzia bega ingine ile bâche, akavuka.